Kununua telemeta ya leza Kolwezi: chagua kwa jiwe jeusi, usichague kwa namba ya boksi

Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika shimo la KOV, ndani ya eneo la kampuni ya KCC hapa Kolwezi, ukawaua wachimbaji wa mikono zaidi ya 30. Hakuna kifaa cha mkononi kinachozuia ukuta kuanguka. Lakini kipo kifaa kinachoweza kumwambia kiongozi wa ushirika, msimamizi wa machimbo au fundi wa ujenzi kwamba ukuta ule una kimo gani, umesimama wima kiasi gani, na shimo limeshuka mita ngapi, bila yeye kuukaribia ukingo. Kifaa hicho ni telemeta ya leza. Unalenga, unabonyeza, unasoma umbali.

Telemeta nyingi zinazouzwa duniani zilitengenezwa kwa ajili ya wawindaji na wacheza gofu. Maboksi yake yana picha za swala na bendera za gofu, na sifa zake zimeandikwa kwa mahitaji ya watu hao. Hapa Lualaba wanaozihitaji zaidi ni wengine: wanaopima machimbo, viwanja, nguzo za umeme na marundo ya mawe. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuzisoma sifa hizo ukiwa na kazi ya Kolwezi mkononi, ili pesa yako inunue kipimo unachokihitaji.

Kifaa kinafanya nini

Telemeta ya wawindaji hutoa mpigo mfupi wa mwanga usioonekana kwa jicho, kisha huhesabu muda ambao mwanga huo unatumia kwenda na kurudi. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi mita 100 huuchukua nanosekunde 667 hivi, na nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Saa iliyo ndani ya kifaa ikikosea nanosekunde 7 tu, kipimo kinapotea kwa mita nzima. Ndiyo maana telemeta za aina hii huandikwa kuwa na usahihi wa kuongeza au kupunguza mita 1, na zilizo bora nusu mita.

Mita ya leza ya mafundi wa ujenzi hufanya kazi kwa njia nyingine. Mwanga wake ni mwekundu na unauona kama kitone ukutani. Kifaa hulinganisha mawimbi ya mwanga unaotoka na ya ule unaorudi, na kwa njia hiyo hufikia usahihi wa milimita 2 hivi. Gharama ya usahihi huo ni kwamba hakifiki mbali: nyingi huishia mita 50, nyingine mita 100.

Basi kuna aina mbili, na muuzaji anaweza kuziita zote kwa jina moja. Kabla ya kutaja bei, taja kazi.

Anza na kazi yako

Ukipima vyumba, misingi, kuta za nyumba au mabomba ndani ya karakana, chukua mita ya mafundi. Telemeta ya wawindaji haitakufaa hata kidogo, kwa sababu nyingi hazisomi kitu kilicho karibu kuliko mita 4 au 5, na kosa la mita moja katika chumba ni kosa la kubomoa.

Ukipima upana wa shimo la wazi, kimo cha ngazi za machimbo, umbali kati ya ukingo na nyumba za watu, au urefu wa njia ya nyaya kati ya nguzo, chukua telemeta ya wawindaji. Katika mita 300, kosa la mita moja halibadilishi uamuzi wako.

Ukipima kina cha shimo la mchimbaji wa mikono, chukua mita ya mafundi. Jambo hili huwashangaza wengi. Juani kile kitone chekundu hupotea baada ya mita chache, na watu hudhani kifaa kimekufa. Lakini ndani ya shimo kuna giza, na gizani kitone huonekana vizuri hadi chini. Na hapo usahihi una maana, kwa sababu kanuni za mwenendo za wachimbaji wa mikono nchini Kongo zinakataza kuchimba zaidi ya mita 30 kwenda chini. Kipimo kinachosema mita 29 huku shimo lina mita 30 na zaidi hakimsaidii mtu.

Ukipima rundo la mawe ili kukadiria ujazo wake, jihadhari zaidi. Chukua rundo lililokaa kama pia, lenye nusu kipenyo cha mita 6 na kimo cha mita 4. Ujazo wake ni mita za ujazo 151 hivi. Sasa kosea nusu kipenyo kwa mita moja tu, useme 7 badala ya 6. Ujazo unaruka hadi 205, yaani zaidi ya theluthi nzima ya mawe ambayo hayapo. Mwenye kulipa au kulipwa kwa makadirio kama hayo ataumia. Kwa marundo madogo tumia mkanda wa kupimia au mita ya mafundi. Telemeta ya wawindaji iachie marundo makubwa ya taka za mgodi, yale yenye upana wa mamia ya mita.

Namba ya boksi na jiwe jeusi

Boksi litakuambia 600, 1,000 au 1,500. Namba hiyo ni umbali ambao kifaa kilifikia kilipolenga kibao kinachorudisha mwanga vizuri, kama kibao cha alama za barabarani, katika hali nzuri ya hewa. Kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi mara nyingi utakuta namba nyingine mbili ndogo zaidi: moja ya mti, moja ya mnyama. Hizo ndizo za kuzingatia. Zikikosekana, muulize muuzaji. Akishindwa kujibu, tumia kanuni hii ya kazini: gawanya namba ya boksi kwa 2 kwa mwamba mkavu wa rangi ya kawaida au shina la mti, na ugawanye kwa 3 au zaidi kwa kitu cheusi au kilicholoa maji.

Kanuni hiyo ni muhimu hapa kuliko mahali pengi, kwa sababu ya mawe yetu. Heterojeniti, jiwe lenye kobalti linalochimbwa sana Kolwezi, ni jeusi. Kitu cheusi humeza mwanga na kurudisha kidogo. Udongo mwekundu mkavu hurudisha vizuri zaidi. Ukuta mmoja wa machimbo unaweza kuwa na udongo mwekundu juu, malakiti ya kijani katikati na mkanda mweusi chini, na telemeta ileile ikasoma juu mara moja, ikasitasita katikati, na chini ikaonyesha mistari mitupu. Hiyo haimaanishi kifaa kimeharibika. Umefikia kikomo chake kwa jiwe lile.

Kwa hiyo chukua umbali mrefu zaidi unaotarajia kupima, uzidishe kwa 3, na ununue telemeta yenye namba hiyo kwenye boksi. Shimo lako likiwa na upana wa mita 300, tafuta ya 1,000. Likiwa na mita 500, tafuta ya 1,500. Ukinunua ya 600 kwa sababu 600 ni zaidi ya 500, utabaki na darubini ndogo tu.

Angalia pia kama namba ni mita au yadi. Nyingi huandikwa kwa yadi, na yadi 1 ni mita 0.9144. Telemeta ya yadi 1,000 ni ya mita 914. Tatizo kubwa zaidi ni kusahau kubadilisha kipimo ndani ya kifaa: kifaa kikisoma yadi 110 nawe ukaandika mita 110, umeongeza mita 9 ambazo hazipo. Siku ya kwanza kabisa, kiweke kwenye mita, na uangalie alama ya m kwenye skrini kila unapobadilisha betri, kwa sababu baadhi ya vifaa hurudi kwenye yadi vyenyewe.

Mwale hupanuka

Mwale wa telemeta hupanuka kadiri unavyokwenda mbali, kama mwanga wa tochi. Watengenezaji huandika upanukaji huo kwa miliradiani, na hesabu yake ni nyepesi: miliradiani 1 ni upana wa mita 1 katika kilomita 1. Mwale wa miliradiani 2 una upana wa sentimita 40 katika mita 200, na mita nzima katika mita 500. Chochote kilicho ndani ya upana huo kinaweza kukujibu: nyasi zilizo mbele, waya wa uzio, tawi la muombo, au vumbi la lori.

Ndiyo maana telemeta nzuri zina njia mbili za kusoma. Moja huchagua kitu cha kwanza kilichojibu, nyingine huchagua cha mwisho. Ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya bendera ya gofu iliyo mbele ya miti. Ya pili ni ya mwindaji anayelenga mnyama nyuma ya majani, na ndiyo inayokufaa wewe unayelenga ukuta wa machimbo nyuma ya nyasi na vumbi. Telemeta isiyo na njia ya pili usiichukue kwa kazi ya nje.

Tafuta pia usomaji wa kuendelea, ambapo unashikilia kitufe na kifaa kinasoma tena na tena huku ukipitisha jicho polepole ukutani. Kwa njia hiyo utauona ukingo wa ngazi pale namba inaporuka ghafla.

Pembe ina thamani kuliko umbali mrefu

Kati ya telemeta inayofika mita 1,500 bila kipimapembe na inayofika mita 1,000 yenye kipimapembe ndani yake, nunua ya pili. Bila pembe unajua urefu wa mstari kutoka jichoni hadi kwenye jiwe, basi. Ukiwa na pembe unapata umbali wa ulalo, kimo, na mteremko wa ukuta.

Tazama mfano. Umesimama kwenye sakafu ya machimbo, mbali na ukuta. Unalenga ukingo wa juu: mita 85, nyuzi 20 kwenda juu. Kifaa chenyewe, au simu yako yenye kikokotoo cha sini na kosini, kitakupa umbali wa ulalo wa mita 80 na kimo cha mita 29 juu ya jicho lako. Kisha unalenga mguu wa ukuta: mita 61, nyuzi 4 kwenda chini. Hiyo ni ulalo wa mita 61 na mita 4 chini ya jicho. Jumlisha: ukuta una kimo cha mita 33, na juu umerudi nyuma mita 19 kutoka mguuni. Mteremko wake ni nyuzi 60 hivi. Umeyajua yote hayo bila kupanda ukutani wala kwenda kusimama chini yake.

Sasa rudia kipimo hicho kila wiki ukiwa mahali palepale palipowekwa alama, na uandike daftarini tarehe, mstari na pembe. Ukiona mguu wa ukuta unachimbwa kuelekea ndani huku juu pamebaki palepale, mteremko unazidi kuwa wima, na hapo ndipo pa kuwaondoa watu na kuita wanaohusika.

Jambo moja lazima lieleweke: telemeta ya wawindaji haiwezi kukuonyesha ukuta unaosogea kwa sentimita chache, kwa sababu kosa lake lenyewe ni la mita. Kampuni kubwa hufuatilia mwendo wa kuta kwa rada na kwa vioo maalumu vinavyopimwa na wapima ardhi wao. Ushirika usio na uwezo huo unaweza kufanya kitu kidogo chenye faida kwa mita ya mafundi: weka nguzo imara mahali salama, funga kibao cheupe upande wa pili wa ufa, na upime asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Namba ikiongezeka siku baada ya siku, hata kwa sentimita moja, usisubiri maelezo ya mtu. Toa watu.

Vumbi, jua na mvua

Kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Septemba, ni msimu wa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Vumbi hurudisha mwanga. Lori likipita kati yako na shabaha, telemeta itakuambia umbali wa vumbi. Soma mara tatu, na ukubali kipimo pale tu namba zote zinapokubaliana ndani ya mita 1. Jua la adhuhuri nalo lina mwanga wa aina ileile unaotafutwa na kipokezi cha kifaa, hivyo hupunguza umbali unaofikiwa. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na baada ya saa 10 jioni, kifaa kilekile hufika mbali zaidi.

Wakati wa mvua, ukungu wa asubuhi na matone huleta matatizo yaleyale, na mawe yaliyoloa huwa meusi zaidi. Usipime mvua inaponyesha. Utapata namba, lakini hutajua ni ya nini.

Uimara wa kifaa husomwa kwenye herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi: 5 maana yake vumbi kidogo linaweza kuingia bila kukiharibu kifaa, 6 maana yake haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 4 ni matone yanayorushwa, 5 ni maji ya bomba, 7 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Kwa machimbo ya Kolwezi usishuke chini ya IP54, na ukiweza chukua IP65 au IP67.

Lenzi usiifute kwa pindo la shati. Udongo wetu una chembe ngumu zinazokwaruza. Puliza kwanza, pitisha brashi laini, ndipo utumie kitambaa cha miwani.

Betri na skrini

Telemeta nyingi za wawindaji hutumia betri ya lithiamu ya aina ya CR2, volti 3. Betri hiyo hudumu kwa maelfu ya vipimo, lakini haiuzwi kwenye kila kibanda. Ukinunua kifaa cha aina hiyo, nunua siku hiyohiyo betri za akiba. Mita nyingi za mafundi hutumia betri ndogo za AAA, ambazo utazipata hata sokoni. Vifaa vinavyochajiwa kwa waya wa simu vinafaa pia, kwa kuwa paneli ndogo ya jua huvichaji siku ambayo SNEL imekata umeme. Epuka kifaa ambacho betri yake imefungwa ndani na haichajiwi kwa waya wa kawaida.

Kuhusu skrini, telemeta za bei ndogo huonyesha namba nyeusi ndani ya lenzi. Mchana unaziona. Ukilenga jiwe jeusi, au jioni, zinapotea. Namba nyekundu zinazong'aa hugharimu zaidi lakini kwa mawe yetu zinastahili bei yake. Ukuzaji wa mara 6 unatosha. Ukizidi hapo mkono unatetemeka na shabaha inaruka. Kwa vipimo vya zaidi ya mita 300 tafuta kifaa chenye tundu la kufungia miguu mitatu, au kiegemeze juu ya mfuko wa mchanga.

Kijaribu kabla ya kulipa

Iwe umekipata Kolwezi, Likasi au Lubumbashi, usilipe kwa kuangalia boksi. Omba mtoke nje na muuzaji, kisha ufanye haya:

1. Kiweke kwenye mita, ukiangalia alama kwenye skrini.
2. Tandaza mkanda wa mita 50 hadi kwenye ukuta. Pima mara 10. Namba zote ziwe ndani ya kosa lililoandikwa kwenye maelezo. Zikitawanyika, kiache.
3. Lenga kitu cheusi: tairi, mlango uliopakwa rangi nyeusi, au jiwe la heterojeniti ulilolibeba mfukoni na kuliweka mbali kwenye kiti. Mita ya mafundi isome jiwe hilo. Telemeta ya wawindaji isome tairi au mlango bila kusitasita katika mita 50.
4. Lenga ukuta ulio nyuma ya majani au wavu wa uzio, kwanza kwa njia ya kitu cha kwanza, kisha ya kitu cha mwisho. Namba zitofautiane.
5. Lenga mbingu tupu. Kifaa kizuri hukataa kutoa namba. Kikitoa namba, kinadanganya.
6. Lenga juu ya jengo na chini yake, na ulinganishe kimo na idadi ya ghorofa.
7. Fungua mlango wa betri. Angalia mpira unaozuia maji na uone kama mlango unafunga sawasawa.
8. Soma daraja la leza. Telemeta ya mwanga usioonekana iwe daraja la 1, mita ya mafundi daraja la 2. Daraja la 3 usilichukue, na kisicho na maandishi ya daraja usikichukue.

Muuzaji anayekataa majaribio haya amekujibu tayari.

Kupima shimo bila kuongeza hatari

Usiiname juu ya mdomo wa shimo ukiwa na kifaa mkononi. Laza ubao imara juu ya mdomo, ufunge mita ya mafundi kwenye ubao ikitazama chini, na mpimaji afungwe kamba kiunoni. Wanaofanya kazi chini watoke kwanza. Kama haiwezekani, wasiangalie juu wakati wa kupima, kwa kuwa daraja la 2 ni salama kwa kupepesa jicho tu, halifai kukodolewa macho.

Maji yaliyo chini ya shimo hupotosha kipimo, kwa sababu mwanga huingia ndani yake au huruka pembeni. Shusha kibao cheupe kwa kamba kielee juu ya maji, ndipo upime. Shimo likiwa limepinda, leza haitapinda nalo. Utapata urefu wa kipande cha kwanza tu, na usiutangaze kuwa ndio kina cha shimo lote. Na kumbuka kwamba leza haipimi hewa. Shimo la mita 15 lisilo na hewa safi ni la hatari kuliko la mita 25 lenye hewa. Pimeni pamoja na maofisa wa SAEMAPE wanaohudumia wachimbaji wa mikono, ili namba iliyo daftarini iwe ya pande zote mbili.

Kwa viwanja pia, telemeta inakusaidia kujua, lakini haikupi haki. Mpaka huthibitishwa na mpima ardhi wa serikali na hati zake.

Jambo jingine la kila siku: kifaa hiki kinafanana na darubini, na maeneo mengi ya migodi hapa yana walinzi na wanajeshi. Tembea na barua ya kazi, omba ruhusa kabla ya kulenga eneo la kampuni, na usilenge kamwe ndege, madereva wala kambi.

Neno kwa mwindaji

Kama unakinunua kwa ajili ya uwindaji hasa, anza na sheria. Uwindaji nchini Kongo unasimamiwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na unahitaji kibali. Katika Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939 na inayogusa jimbo letu, uwindaji umekatazwa. Huko ndiko walikobaki punda milia wa mwisho wanaoishi porini nchini mwetu, na telemeta isitumiwe kuwamaliza. Wanaohesabu wanyama hutumia telemeta hizihizi kupima umbali kati ya njia wanayoifuata na kila kundi wanaloliona, na kutokana na umbali huo hukadiria idadi. Kazi hiyo inahitaji vifaa na vijana wenye macho mazuri.

Mwenye kibali na bunduki ya marisau, ambayo hufaa kwa mita 30 hadi 40, hahitaji telemeta. Mwenye bunduki ya risasi moja yenye darubini anaihitaji, ili ajue ni wakati gani wa kuacha kupiga. Katika mteremko atumie umbali wa ulalo: mita 200 kwa pembe ya nyuzi 30 ni mita 173 za ulalo, na risasi hushuka kwa kufuata umbali huo wa pili.

Ununue nini

Kwa bei za kawaida za dunia, telemeta nyepesi huanzia dola 100 hadi 200, nzuri za kazi ni dola 300 hadi 600, na darubini zenye telemeta ndani yake huzidi 1,000. Mita ya mafundi ya kuaminika hupatikana chini ya dola 150. Usafiri na ushuru hadi Kolwezi huongeza bei, hivyo linganisha kabla ya kuagiza.

Ushauri wangu kwa ushirika wa wachimbaji wenye pesa ya kifaa kimoja ni huu: nunueni mita ya mafundi ya mita 100, IP65, inayotumia betri za AAA. Itapima mashimo, nyufa na marundo, yaani mambo yanayowagusa watu wenu kila siku. Kifaa cha pili kiwe telemeta ya 1,000 yenye kipimapembe, namba nyekundu na njia ya kusoma kitu cha mwisho. Kisha chagueni mtu mmoja wa kuvitunza, mpeni daftari, na mkubaliane mapema ni namba gani itakayowatoa watu shimoni bila mjadala. Tahadhari kabla ya hatari. Namba iliyosomwa bila kufuatwa na uamuzi haijamwokoa mtu.